Uzi: Singapore hadi New York ni kilomita 15,340, lakini safari yenyewe ni saa ngapi?

Dira ya Angani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, heshima kwenu. Kila panapoulizwa umbali wa miji miwili iliyo mbali sana, majibu huja haraka na huja kwa tarakimu, na mara nyingi tarakimu hizo ni sahihi. Tatizo huanza pale muulizaji anapozichukua kilomita alizopewa, akazigawanya kwa kasi ya ndege, akapata saa ambazo hazimo kwenye tiketi yoyote. Nimechagua Singapore na New York kwa sababu safari hii imekuwa kwa miaka kadhaa safari ndefu kuliko zote za ratiba zinazobeba abiria bila kutua njiani, na kwa kuwa ni ndefu mno, kila jambo linalojificha kwenye safari fupi huonekana humo waziwazi.

Tuanze na umbali. Vikokotoo vingi vya mtandaoni vitakupa takriban 15,340, vingine 9,530, na vingine 8,280, na wapo wanaodhani kwamba vyanzo hivyo vinapingana. Havipingani hata kidogo. Ya kwanza ni kilomita, ya pili ni maili za nchi kavu, na ya tatu ni maili za baharini, ambazo ndizo zinazotumiwa na marubani na waongoza ndege. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, nayo inakaribiana sana na sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja juu ya uso wa dunia, ndiyo maana hesabu za angani huenda nayo vizuri.

Kikokotoo hakijui ndege inapita wapi. Kinachofanya ni kuchukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, kuichukulia dunia kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, kisha kupima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe hilo. Njia hiyo huitwa duara kuu. Sasa tazameni jambo la ajabu katika miji yetu miwili: uwanja wa Singapore uko nyuzi 1.4 tu kaskazini mwa ikweta, ule wa New York uko nyuzi 40.6 kaskazini, na longitudo zake zimepishana kwa karibu nyuzi 178, yaani miji hii imepeana mgongo kabisa. Kwa hiyo njia fupi haielekei mashariki wala magharibi. Inapanda kaskazini, inapita jirani na ncha ya dunia, kisha inateremka upande wa pili. Mwenye kalamu anaweza kuhakiki mwenyewe: kutoka Singapore hadi ncha ni nyuzi 88.6, kutoka ncha hadi New York ni nyuzi 49.4, jumla nyuzi 138, na kila nyuzi ina karibu kilomita 111.2. Jibu ni lile lile la kikokotoo.

Upande wa kasi, ndege kubwa za kisasa kama Airbus A350 na Boeing 787 husafiri kwa karibu asilimia 85 ya kasi ya sauti. Katika kimo cha kilomita 11 hivi, ambako baridi hufika nyuzi 56 chini ya sifuri, sauti husafiri kwa takriban kilomita 1,062 kwa saa, hivyo ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 15,340 kwa 900 upate saa 17 na dakika tatu. Ratiba, hata hivyo, husema karibu saa 18 na dakika 40. Saa moja na nusu na ushei imepotelea wapi? Hilo ndilo ninalotaka tulijadili, kwa sababu naamini mtu akilielewa hatauliza tena umbali peke yake.

Kiti cha Dirishani

Asante mkuu kwa uzi wenye nyama. Nina maswali mawili. La kwanza, nikitazama ramani ya ukutani, kupita ncha ya kaskazini kunaonekana kuwa ni kuzunguka mno, wakati kukata bahari ya Pasifiki kunaonekana kuwa mstari ulionyooka. La pili, nimewahi kufuatilia safari hiyo kwenye programu ya kuonyesha ndege, na niliiona ikipita upande wa Japani na kaskazini mwa Pasifiki, wala haikukaribia ncha. Je, ni kikokotoo kinachokosea au ni rubani?

Dira ya Angani

Hakuna aliyekosea, ila ramani ya ukutani imekudanganya kidogo. Ramani nyingi za aina hiyo zimetokana na mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia ili mstari ulionyooka kwenye karatasi uwe na mwelekeo mmoja wa dira. Kwa baharia ilikuwa neema. Gharama yake ni kwamba maeneo ya kaskazini na kusini ya mbali hutanuliwa kupita kiasi, hadi Greenland inaonekana kulingana na Afrika ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni Helsinki na Anchorage. Miji yote miwili iko karibu nyuzi 60 kaskazini, mmoja Ulaya na mwingine Alaska, na longitudo zake zimepishana kwa nyuzi 175. Ukitoka Helsinki ukashika latitudo hiyo hiyo bila kuiacha, kama ramani ya ukutani inavyokushawishi, utasafiri karibu kilomita 9,500. Ukipanda juu ukapita jirani na ncha, utafika kwa kilomita 6,500 hivi. Tofauti ya kilomita 3,000 si ya kupuuzwa na mtu yeyote anayelipia mafuta.

Swali lako la pili ndilo kiini cha uzi huu. Rubani hatafuti njia yenye kilomita chache, anatafuta njia yenye dakika chache na mafuta machache, na hizo ni njia mbili tofauti kwa sababu ya upepo. Katika latitudo za kati, karibu na kimo ambacho ndege husafiri, kuna mikondo mikali ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi kasi yake inaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa. Ndege inayotoka Singapore ikipita Pasifiki husukumwa na upepo huo mgongoni. Inaongeza kilomita zaidi ya elfu moja juu ya zile za kikokotoo, na bado inafika mapema kuliko kama ingekwenda moja kwa moja kupitia ncha. Jambo la kufurahisha ni kwamba inaporudi kutoka New York, mara nyingi haigeuzi njia ile ile, bali huvuka Atlantiki na kuendelea mashariki juu ya Ulaya na Asia, ili upepo uwe mgongoni tena. Abiria aliyekwenda na kurudi anaweza kuwa ameizunguka dunia nzima pasipo kuambiwa.

Mzee wa Ratiba

Ndugu mwanzisha uzi, nakuheshimu, lakini naona unakuza jambo dogo. Upepo ukikusaidia kwenda, utakuzuia kurudi, na mwisho wa yote vinafidiana. Mimi hutumia kanuni moja rahisi: nachukua kilomita, nagawanya kwa 850, naongeza dakika 40 za kupaa, kutua na kutembea uwanjani. Kwa Singapore na New York inatoa saa 18 na dakika 43, karibu sawa na ratiba uliyoitaja. Perth hadi London, kilomita 14,500, inatoa saa 17 na dakika 44, nayo haiko mbali na ukweli. Kuna haja gani ya maelezo yote haya?

Dira ya Angani

Mzee wangu, kanuni yako ni nzuri, na ningemshauri yeyote aanze nayo. Naomba tu nipinge mambo mawili.

Kwanza, upepo haufidii. Tuchukue New York hadi London, kilomita 5,550 kwa makadirio. Bila upepo, kwa kasi ya kilomita 900, kila upande unachukua saa sita na dakika 10, jumla saa 12 na dakika 20. Sasa weka upepo wa kilomita 150 kwa saa kutoka magharibi. Kwenda London kasi juu ya ardhi inakuwa 1,050 na safari inachukua saa tano na dakika 17. Kurudi kasi inakuwa 750 na safari inachukua saa saba na dakika 24. Jumla ni saa 12 na dakika 41. Umepoteza dakika 21, na sababu yake ni kwamba upepo wa kinyume unakuathiri kwa muda mrefu zaidi kuliko ule wa mgongoni unavyokusaidia. Ukishikilia njia ile ile kwenda na kurudi, upepo siku zote hukutoza zaidi ya ulichopewa. Ndiyo sababu ndege za Atlantiki hupangiwa njia upya mara mbili kila siku, moja kwa zinazokwenda magharibi na nyingine kwa zinazokwenda mashariki, kulingana na mkondo ulivyo siku hiyo. Mwezi Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyopewa jina la Ciara, ndege ya Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa muda usiofika saa tano. Haikwenda kasi kuliko sauti. Ilibebwa na hewa iliyokuwa ikienda upande ule ule.

Pili, kanuni yako inadhani kwamba anga iko wazi. Jaribu Helsinki na Tokyo. Umbali ni karibu kilomita 7,800, kanuni yako inatoa saa tisa na dakika 50 hivi, na hadi mwanzoni mwa 2022 ungekuwa umepatia barabara. Februari mwaka huo anga ya Urusi ilifungwa kwa mashirika ya ndege ya nchi nyingi za Ulaya, na Finnair, lililokuwa limejenga biashara yake juu ya ufupi wa njia hiyo, likalazimika kuzunguka. Safari ikafika takriban saa 13. Moja ya njia lililoichagua ilipita kaskazini, juu ya ncha yenyewe, na abiria wakawa wanapewa cheti cha kuvuka ncha, labda kama kifuta jasho cha saa zilizoongezeka. Kikokotoo cha umbali hakikubadilika hata kwa mita moja. Bado kinasema 7,800.

Wenye umri watakumbuka kwamba hali hii si ngeni. Enzi za Vita Baridi ndege za Ulaya kwenda Japani hazikuruhusiwa kukatiza Siberia kwa urahisi, ndipo SAS, shirika la ndege la Skandinavia, ikaanzisha mwaka 1957 safari ya Copenhagen hadi Tokyo kupitia ncha, ikitua Anchorage kuongeza mafuta. Kwa miaka mingi uwanja wa Anchorage ulijaa abiria ambao hawakuwa na shughuli yoyote Alaska.

Mzee wa Ratiba

La Helsinki nimelikubali bila kinyongo. La upepo nitalipigia hesabu mwenyewe.

Msafiri Mbali

Niongezee hapo hapo. Watu wengi hawawezi kupanda ndege inayokwenda bila kutua, kwa sababu haipo au kwa sababu ni ghali. Je, ukibadilisha ndege njiani unaongeza umbali kiasi gani? Nimezoea kusikia kwamba kupitia mji wa tatu ni kuzunguka.

Dira ya Angani

Inategemea mji wa tatu uko wapi, na mara nyingi nyongeza ya umbali ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. London hadi Sydney kwa duara kuu ni karibu kilomita 17,000. Ukipitia Singapore ni kama 10,880 na kisha 6,300, jumla yake 17,180. Umeongeza asilimia moja tu! Hata hivyo safari nzima huchukua kati ya saa 22 na 24, wakati Qantas, shirika la ndege la Australia, kwenye safari yake ya majaribio ya Novemba 2019, ilitoka London ikafika Sydney bila kutua kwa saa 19 na dakika 19. Kilomita ni zile zile kwa vitendo. Saa zilizobaki zimeishia chini. Ndege inapunguza mwendo mapema ili ishuke, inasubiri zamu ya kutua, inatembea hadi langoni, abiria wanashuka, wanapita ukaguzi upya, wanakaa, kisha mzigo mzito wa mafuta mapya unapandishwa tena hadi kilomita 11 juu.

Hapa naomba nionye juu ya tiketi. Safari inayouzwa kwa namba moja ya ndege inaweza kutua mji mwingine na kuendelea, na muuzaji akaiita ya moja kwa moja. Jambo la kuuliza ni kama inatua au haitui.

Na tukumbuke tulikotoka. Desemba 1947 Qantas ilipoanza safari zake za Sydney hadi London kwa ndege za Constellation, zilitua Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli, na abiria alitumia siku nne. Umbali wa miji hiyo miwili ni ule ule hadi leo.

Kiti cha Dirishani

Kama kushuka chini ndiko kunakokula muda, kwa nini kila safari isiwe ya bila kutua?

Dira ya Angani

Mafuta, mkuu. A350-900ULR inayofanya kazi ya Singapore na New York inabeba hadi lita 165,000. Kwa uzito ni karibu tani 130, wakati uzito wa juu kabisa ambao ndege hiyo inaruhusiwa kupaa nao ni tani 280. Karibu nusu ya kinachonyanyuka ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ya saa za mwanzo huchomwa kwa ajili ya kubeba mafuta ya saa za mwisho. Ndiyo maana Singapore Airlines iliweka viti 161 tu, vyote vya madaraja ya juu, bila hata kiti kimoja cha daraja la kawaida. Shirika hilo hilo lilijaribu njia ya Newark, uwanja ulio jirani na New York, kati ya 2004 na 2013 kwa A340-500 yenye injini nne, likaiacha, kisha likairudia Oktoba 2018 baada ya kupata ndege ya injini mbili inayokunywa mafuta kidogo zaidi.

Injini mbili nazo zina sharti lake. Ndege hizo haziruhusiwi kwenda mbali na uwanja wa dharura kupita muda uliowekwa wa kuruka kwa injini moja. Zamani muda huo ulikuwa dakika 60, ukafika 120 mwaka 1985, na A350 imeidhinishwa hadi dakika 370. Sharti hili halihisiwi sana juu ya Ulaya, lakini linahisiwa sana kusini mwa dunia, ambako safari kama ya Sydney hadi Santiago, zaidi ya kilomita 11,300, hupinda kuelekea Antaktika na chini yake hakuna kitu isipokuwa maji na barafu.

Swali Fupi

Samahani kwa kuchelewa. Rafiki yangu anasisitiza kwamba Singapore hadi New York ni saa sita na nusu, na ameniletea tiketi kama ushahidi: kuondoka saa sita kamili usiku, kuwasili saa 12:40 asubuhi. Nimjibuje?

Dira ya Angani

Mjibu kwamba tiketi imeandikwa kwa saa za miji miwili tofauti. Kila mji huandika saa yake, na Singapore iko mbele ya New York kwa saa 12 wakati wa kiangazi cha Marekani na saa 13 wakati wa baridi. Tuchukue kiangazi: ukiondoka saa sita usiku, ukasafiri saa 18 na dakika 40, Singapore itakuwa saa 12:40 jioni, na ukiondoa saa 12 New York ni saa 12:40 asubuhi ya siku ile ile. Kurudi ni kioja kingine. Ukiondoka New York Jumatatu saa nne usiku kwa safari ya saa 18 na dakika 50, utatua Singapore Jumatano saa 10:50 alfajiri. Jumanne yako karibu yote imekwenda angani. Wanaotoka Tokyo jioni kwenda Los Angeles hufika asubuhi ya siku ile ile, yaani kabla ya saa waliyoondoka, kwa sababu wamevuka mstari wa tarehe.

Namna ya kuhesabu bila kuchanganyikiwa ni kugeuza saa zote mbili ziwe saa za mji mmoja kwanza, ndipo utoe. Ukumbuke pia kwamba muda wa ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka langoni, wala si inapopaa, na huishia inapoegeshwa. Mashirika huongeza humo dakika za akiba ili yasihesabiwe kuwa yamechelewa. Ukitaka muda halisi, fungua programu ya kufuatilia ndege, tafuta namba ya safari unayoikusudia, utazame saa za kupaa na za kutua za wiki nzima katika msimu ule ule utakaosafiri, kwa sababu safari ya Januari na ya Julai kati ya viwanja vile vile zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya nusu saa.

Mzee wa Ratiba

Nimepiga hesabu ya upepo kwa kilomita 100 kwa saa badala ya 150. Hasara imeshuka hadi dakika tisa hivi, lakini haikuisha.